Posho Apasuliwe Lini?

Ngare Mara, Isiolo
7 Machi 1982

Kwa ndugu yangu Lotukoi,

Habari ya Kabete? Sisi huku tunapumua, na mvua bado haijatukumbuka. Usishangae kuona mwandiko unaopanda na kushuka. Ni mimi Akai, kwa mkono wangu mwenyewe. Zile barua ulizokuwa ukipata zilikuwa za katekista, na nilikuja kujua kwamba alikuwa akiongeza mistari ya Biblia ambayo mimi sikuitaja. Sasa nimeingia darasa la ngumbaru la Mwalimu Everline, na tangu leo utasikia maneno yangu matupu.

Mwalimu anasema mwandishi wa barua hueleza kwamba yeye ni mzima, na hofu yake yote iko kwa yule aliye mbali. Nimeandika hivyo ubaoni mara kumi. Lakini nikiangalia vizuri, wewe uko pahali pa maji ya mfereji na stima, na hofu iko kwangu. Kwa hivyo nitaandika ilivyo.

Mume wangu Lobokat yuko Gotu na ng'ombe, karibu na mto, na anarudi mara moja kwa mwezi. Mtoto wetu Nakal amefika miezi miwili na ana mashavu. Mimi niko hapa na mbuzi, yeye, na Posho. Posho ni yule mbwa jike niliyemwokota akiwa kitoto, siku tuliyogawiwa unga wa msaada. Fisi wanamjua. Tangu apate sauti sijapoteza mbuzi hata mmoja.

Jambo lenyewe ni hili. Juzi chifu aliita baraza, akasema kichaa cha mbwa kimeonekana Biliqo na kinateremka na mto. Akasema mbwa jike akipata joto huita madume kutoka mbali sana, na madume hao ndio wanaobeba ugonjwa kutoka boma hadi boma. Kila mwenye mbwa jike amtoe kizazi. Watu wakauliza, lini? Kabla hajazaa au baada? Akina mama wazee wanasema jike ambaye hajazaa hana uchungu wa mtoto, hawezi kulinda nyumba yenye mtoto. Chifu akafungua daftari lake, akalifunga. Basi nikasimama na Nakal mgongoni, nikasema, "Mimi nina ndugu daktari wa mifugo Kabete. Nitamwuliza." Watu wakapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi maishani.

Kwa hivyo niambie, daktari wetu. Posho ana miezi sita. Apasuliwe lini? Na utakuja mwenyewe?

Ni mimi dada yako,
Akai


Kabete
28 Machi 1982

Kwa dada yangu mpendwa Akai,

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama. Mama angekuwa hai angeiweka chini ya mto wa kulalia. Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi, mbwa, paka, ng'ombe wa maziwa, hata farasi wa wazungu wanaletwa hapa.

Kuhusu swali lako, waambie watu wa baraza hivi. Mbwa jike apasuliwe kabla ya joto la kwanza, yaani akiwa na miezi sita hivi. Hahitaji kuzaa kwanza. Uchungu wa kulinda hautoki kwenye kizazi, unatoka kwenye tabia na malezi. Jike aliyepasuliwa mapema hasumbuliwi na madume, hatangatangi, na hapati magonjwa mengi ya uzeeni. Hayo si maneno yangu tu, ndiyo tunayofanya hapa kila siku.

Lakini usikubali mtu yeyote wa mjini amguse Posho. Kupasua si mchezo, na wengine huko hawana mkono. Ningoje mimi. Nitakuja Pasaka na vifaa vyangu, na chanjo ya kichaa nitakuja nayo pia. Ya hapa ni mbichi, inatoka kwenye barafu.

Jambo la mwisho, na usikasirike. Mbwa alale nje, mbali na mtoto. Na ile tabia ya zamani ya mbwa na watoto wachanga, ambayo uliniapia utaiacha mwaka ule niliporudi likizo kutoka shule, natumaini imekufa na kuzikwa. Nijibu kuhusu hilo. Hatutaki kuchekwa tena.

Msalimie Lobokat akirudi.

Ni mimi ndugu yako,
Lotukoi


Ngare Mara
25 Aprili 1982

Kwa Lotukoi,

Habari ya siku nyingi? Pasaka imepita. Nilipika chai ya maziwa mengi Ijumaa, nikapika tena Jumamosi, na Jumapili nikainywa mwenyewe. Kila gari lililosimama barabarani nilitoka nikaangalia. Natumaini ni kazi tu iliyokuzuia, si ugonjwa.

Huku mvua imenyesha siku mbili halafu ikabadili nia. Pampu ya maji imeharibika, kwa hivyo tunafuata maji mbali, na mtungi mmoja ni wa kunywa watu, kupika, na vitoto vya mbuzi. Nakal anacheka sasa. Amepata vipele mapajani na matakoni, vinatoka maji kidogo, lakini analala vizuri. Lobokat alikuja akamrusha juu mpaka nikamfokea.

Wiki iliyopita watu wa mifugo walikuja na gari mpaka hapa shuleni kuchanja mbwa. Bwana mmoja mpole, Adano, akasema pia kuanzia Alhamisi watawapasua majike bure. Watu wote walipanga mstari na mbwa wao, kamba kila mahali, kelele mpaka mwalimu akafunga darasa. Mimi nilikaa pembeni na Posho. Adano akaniita. Nikamwambia asante, ndugu yangu daktari wa Kabete anakuja na vifaa vyake na chanjo ya barafu. Akauliza jina lako. Nikampa, Lotukoi Ekai. Akaliandika kitabuni, akasema, "Vizuri, nitamwuliza nikienda huko." Nilijisikia mtu mkubwa.

Posho sasa ana miezi saba au zaidi. Bado hana joto, lakini juzi dume mmoja wa kichinjioni alitoka mjini mpaka hapa, akakaa mbali akimwangalia. Naogopa. Njoo.

Mwalimu Everline anasema mwandiko wangu umenyooka.

Akai


Kabete
16 Mei 1982

Kwa dada Akai,

Salamu kwako na kwa mtoto. Mimi ni mzima wa mwili.

Kwa nini ulimpa yule mtu jina langu? Sikukutuma. Kazi za serikali si kama za nyumbani, mtu hawezi tu kuandikwa kwenye vitabu vya watu. Akirudi, usizungumze naye, na usiende ofisini kwao na Posho wala bila Posho. Tafadhali, dada. Ukinipenda usiende.

Sikuja Pasaka kwa sababu mkubwa wetu alisafiri na mimi nikabaki na kazi yote. Nimeomba likizo, nitapewa wiki ya kwanza ya Agosti.

Ikiwa joto halijaanza, bado kuna nafasi. Likianza, utaona amevimba nyuma na kutoka damu. Basi usikubali apasuliwe wakati huo, mishipa imejaa, anaweza kutokwa damu mpaka afe. Mfungie ndani wiki tatu, madume wasimfikie. Baada ya hapo ngoja miezi miwili mwili utulie, ndipo apasuliwe. Hayo ni kweli kabisa, unaweza kuyashika.

Kwa vipele vya mtoto tumia maji ya chumvi. Hukunijibu lile swali.

Lotukoi


Ngare Mara
24 Julai 1982

Kwa ndugu yangu Lotukoi,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Nimekaa muda bila kuandika. Mwezi wa sita nilihamia Gotu na mbuzi kwa sababu ya majani, na huko hakuna posta wala kalamu. Nakal anakaa bila kushikwa. Ana meno mawili, na anayatumia kwangu.

Tulirudi, na Posho akaingia joto. Nikafanya ulivyosema, nikamfungia ndani pamoja nasi. Siku ya pili walikuwa mbwa watatu nje ya ua. Siku ya tano nilihesabu kumi na moja. Mchana kutwa wamelala kwenye kivuli cha ua wa miiba, wanahema, wanapigana, wanakojoa mlangoni. Wengine siwajui, si wa hapa, si wa mjini. Sikuweza kwenda kufuata maji bila jiwe mkononi. Mbuzi walikataa kutoka zizini. Nilimtuma mtu kwa Lobokat aje, akafika Jumatatu usiku.

Jumanne asubuhi akaja mwingine wa rangi ya njano, amekonda, na kipande cha waya shingoni. Huyu hakumtaka jike. Hakuangalia wenzake hata kidogo. Alikuja moja kwa moja kama anayefuata kamba, mate yananing'inia, akagonga ua, akarudi nyuma, akagonga tena. Madume wote kumi na moja wakakimbia. Lotukoi, mbwa kumi na moja wenye joto wakimkimbia mbwa mmoja mgonjwa, utasema nini? Posho akatoka kwa nguvu akanipita miguuni, akaenda kusimama kati yake na mlango, kwa sababu Nakal alikuwa amekaa hapo kwenye ngozi. Walishikana kupitia miiba. Lobokat akamchoma yule wa njano kwa mkuki, akamchoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Posho ana jeraha dogo mdomoni. Lobokat alitia majivu. Limeanza kukauka. Anakula, analinda, ni yule yule. Hakuna mtu aliyeumwa, nakuambia mapema usihangaike.

Sijaenda kwa Adano kwa sababu ulinikataza. Nakuuliza wewe. Je, Posho yuko salama? Kama kuna hatari niandikie haraka, hata maneno mawili. Wewe ni daktari. Ukinyamaza nitajua hakuna neno.

Dada yako anayekungoja wiki ya kwanza ya Agosti,
Akai


Kabete
12 Agosti 1982
(Kwa mkono wa Robow, dereva wa lori)

Akai,

Sitauliza habari. Barua yako ya tarehe 24 nimeipata jana. Unajua mwenyewe yaliyotokea huku tarehe moja, wanajeshi na risasi, sitaandika zaidi. Posta ilifungwa, watu walijifungia ndani, na maneno yako yalikaa kwenye gunia mahali fulani siku kumi na nane. Na wewe ulisema nikinyamaza utajua hakuna neno. Akai, sikunyamaza! Sikuwa nimesoma!

Posho hayuko salama. Yule wa njano alikuwa na kichaa. Kidonda kupona si kitu, ugonjwa unatembea ndani polepole mpaka kichwani, wiki tatu, wiki sita, halafu unatokea kwenye mate hata kabla mbwa hajaonyesha lolote. Mfunge kwa mnyororo leo, mbali na watu. Usimguse. Lobokat aliyetia majivu naye yumo hatarini.

Sasa nijibu lile swali nililouliza mara mbili nawe mara mbili ukalipita. Nakal anasafishwa na nani? Usinijibu mimi. Jibu lipeleke hospitalini. Mate kwenye vipele vya mtoto ni sawa na meno. Kama ni hivyo ninavyoogopa, mchukue sasa hivi, usingoje jioni. Kuna sindano kumi na nne za tumboni. Zikianza mapema zinaokoa. Dalili zikianza kabla yake, hakuna daktari duniani anayeweza kitu.

Na mimi si mmoja wao. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nimeiandika tena. Mimi si daktari, Akai. Sikupata alama za chuo. Ninaosha vizimba. Ninawalisha mbwa, ninawashika wakipasuliwa, ninazoa damu na mavi. Niliyokuambia kuhusu miezi sita ni kweli, nimeyasikia meza ile ile kila siku, lakini kisu sijawahi kukishika. Chanjo ya barafu sina uwezo hata wa kuigusa. Nilikukataza kwenda kwa Adano kwa sababu angekuja huku akauliza daktari Lotukoi, na wangecheka mpaka wakae chini. Mbuzi wa mama walienda kwenye ada yangu wote, nikaona aibu kukuambia walikoishia.

Haya ya sindano nimeuliza daktari wa kweli, nilimwendea na barua yako mkononi. Yeye ndiye amesema leo, si kesho. Mimi siwezi kufika, barabara zimefungwa na kitambulisho changu kimepotea. Robow anaenda Marsabit, atapita kwako. Nenda.

Lotukoi


Isiolo, hospitalini
17 Agosti 1982

Kwa Lotukoi,

Leo ni sindano ya nne. Naandika Nakal akiwa amelala juu ya paja langu, karatasi iko juu ya kitanda.

Robow alifika Jumamosi asubuhi. Alisimamisha lori barabarani, akaja mpaka uani lakini hakuingia, akasema, "Salaam aleikum, mama. Huyu ndugu yako alinipa hii barua akilia. Isome sasa, mimi nangoja." Nikaisoma nimesimama. Namshukuru Mungu kwa ngumbaru. Ingekuwa mwaka jana ningeiweka kwenye sanduku nikimngoja katekista mpaka Jumapili.

Posho alikuwa amebadilika tangu Jumatatu. Alijificha chini ya kitanda, hakula, na sauti yake ikawa si yake, kama mtu anayejifunza kubweka. Alhamisi alitafuna kigingi mpaka meno yakatoka damu. Tulikuwa tumemfunga. Nilipomwita aliniangalia, hakunijua. Lobokat alimmaliza pale pale nilipokuwa nikisoma, halafu akaketi nyuma ya zizi akifuta mkuki kwa mchanga.

Robow aligeuza lori. Alikuwa na mzigo wa Marsabit, saa zake zimepita, na akageuza. Nikamwambia mimi na mtoto tumeguswa na mbwa, nikijua dini yake. Akasema, "Panda, mama. Nguo zinaoshwa."

Mstari ulikuwa mrefu. Nesi akauliza, "Mtoto aliumwa wapi?" Nikasema hakuumwa. Akauliza, "Alikwaruzwa?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi mama, sindano hizi ni kali, hatuwezi kumchoma mtoto bure. Tatizo ni nini?" Watu nyuma yangu walikuwa wamesogea kusikiliza, akina mama wa mjini wenye leso safi, na msichana mmoja aliyesoma na wewe. Ningeweza kuondoka. Nilifikiria kuondoka, sitakuficha. Halafu nikasema, kwa sauti, ili nisiulizwe mara ya pili, "Mimi ni Mturkana. Mtoto wangu akijisaidia, mbwa ndiye anayemsafisha. Tangu azaliwe. Mpaka Jumatatu iliyopita." Kuna mtu alicheka. Nesi hakucheka. Alimgeuza Nakal, akaona vipele, akaita daktari kwa jina lake bila hata kusema bwana.

Sasa na wewe usikie. Ndiyo, nilikuapia, na niliacha. Nakal alipozaliwa nikaanza tena, kwa sababu mtungi mmoja wa maji hautoshi mtu kunywa na matako kuoshwa. Ulimi wa Posho ulikuwa laini na mtoto alikuwa akicheka. Nilipita swali lako kwa kuwa uliniandikia "hatutaki kuchekwa". Wewe mwenyewe ulisafishwa na Nangole, mbwa wa mama. Mimi ndiye nilikuwa nikikushika miguu, nina miaka tisa. Hukuwa na kipele hata kimoja. Hayo sijawahi kukuambia, kwa sababu uliporudi na viatu vya shule sikuona pa kuyaanzia.

Kuhusu vizimba sina la kusema leo. Nimekasirika, lakini hasira iko nyuma ya mstari.

Na mimi nachomwa, na Lobokat aliyetufuata. Tumbo la Nakal ni dogo, wanatafuta pahali pa kuchoma. Bado kumi.

Akai


Kabete
5 Septemba 1982

Kwa dada yangu Akai,

Sijui nianze na salamu gani. Nimehesabu siku kwenye kalenda ya kazini. Kama hakuna iliyokosekana, zimeisha tarehe 27. Niandikie kwamba zimeisha. Niandikie hata ukinitukana.

Nina jingine la kukubali. Barabara hazikuwa zimefungwa. Mabasi ya Isiolo yalianza tena kabla barua yako haijanifikia, na kitambulisho kiko mfukoni mwangu. Nilikwenda stendi na begi, nikasimama karibu na mlango wa basi mpaka likajaa na kuondoka. Niliogopa kufika nikute mtoto ameanza dalili na wewe ukinitazama. Nikampa Robow barua, nikarudi kuosha vizimba. Nilipofika, mbwa Lodi, yule jike tunayemtunza hapa, alinilamba mkono nikaruka mpaka nikaangusha ndoo.

Daktari niliyemwuliza anasema sindano zilianza siku nzuri, lakini si siku nzuri kabisa. Anasema tungoje miezi mitatu, wengine husema hata mwaka. Nilitaka kukuficha, lakini tumefichana vya kutosha. Dalili ya kwanza ya kuangalia ni maji. Mgonjwa wa kichaa anaogopa maji. Anaona kiu, anataka, na akisogezewa kikombe koo linafunga na mwili unaruka. Hiyo ndiyo ya kuangalia.

Adano alikuja huku wiki jana kuchukua dawa. Nilimwona kwa mbali, nikajificha nyuma ya tangi. Halafu nikatoka. Nikamwambia mimi ndiye Lotukoi Ekai aliyeandikwa kitabuni mwako, na mimi ni mwosha vizimba. Aliniangalia sana, akaniuliza, "Dada yako na mtoto wako wapi sasa?" Nikamweleza. Akaandika tena kitabuni. Sijui aliandika nini.

Sikuombi unisamehe kwa barua.

Lotukoi


Ngare Mara
12 Desemba 1982

Kwa ndugu yangu Lotukoi,

Habari ya huko? Mvua ya mwezi wa kumi na moja imetukuta, na pampu imetengenezwa. Nimepita darasa la kwanza la ngumbaru, nimepewa cheti chenye mhuri. Sindano ziliisha zote kumi na nne, siku ile ile uliyoihesabu. Nilichelewa kukuandikia kwa makusudi. Nilitaka uonje kungoja.

Nakal anasimama akishika mguu wa meza. Tumbo lake lina madoa mpaka leo, na akiona nguo nyeupe hupiga kelele. Sasa anaoshwa kwa maji, kila mara, hata kama mimi sitakunywa. Vipele vimeisha. Akina mama wengine hapa wameanza hivyo hivyo, wengine wamekataa, wananiambia nimekuwa wa mjini. Mimi siwasemi. Nawaonyesha tumbo la Nakal tu.

Fisi walijua Posho hayupo. Walichukua mbuzi wanne kwa wiki mbili. Lobokat akaleta kitoto kingine kutoka Gotu, jike, kina masikio makubwa kuliko kichwa. Sikukitaka. Nilikaa siku tatu sikigusi, nikiona kinalala pale pale Posho alipokuwa akilala. Nimekataa kukipa jina kwanza. Kimechanjwa, nina kadi. Hakiingii ndani.

Adano alikuja. Nilidhani atanicheka kwa habari ya daktari wa barafu. Akakaa akanywa chai, akauliza umri wa kitoto. Nikamwambia miezi sita inafika mwisho wa mwezi huu. Watu wa baraza waliniuliza tena, lini, na mara hii nilijibu mwenyewe. Nikawaambia kabla ya joto la kwanza. Nikawaambia jike asiyezaa analinda mtoto, nimemwona kwa macho yangu akisimama mlangoni. Hakuna aliyepiga makofi, lakini majike saba wameandikishwa.

Atawapasua tarehe 28, chini ya paa la shule. Anasema ana kisu na dawa, shida yake ni mtu wa kushika. Watu wa huku wanajua kushika mbuzi, mbwa wanamwogopa. Akafungua kile kitabu akanionyesha ukurasa. Jina lako liko pale, na neno daktari amelikata kwa mstari, akaandika pembeni, "amezoea mbwa." Akasema, "Mwandikie aje ashike miguu."

Basi nakuandikia. Niliishika yako Nangole akikusafisha, sasa ni zamu yako kushika. Njoo na mikono yako tu, vifaa viko. Safari hii usiposhuka kwenye basi, usiniandikie tena.

Bado naogopa, Lotukoi. Mwaka haujaisha. Akilia naogopa, akilala sana naogopa, akikohoa mate naogopa. Kila asubuhi, kabla ya kufungua zizi, namimina maji kwenye kikombe cha bati, namwekea mdomoni na kumwangalia koo.

Leo amekunywa.

Akai